Mathias Mnyampala na deni la kusifiwa

Tumsifu Yesu Kristo, mpendwa msomaji.

Naamini umeitikia, hata kama ni kimoyomoyo. Salamu yetu hii ni wito wa sifa, na haikamiliki mpaka mwingine aitikie. Naomba uliweke akilini jambo hilo dogo, maana nitalirudia.

Majuma machache yaliyopita nilialikwa kwenye sherehe ya somo wa jumuiya moja hapa Soweto, Moshi. Baada ya Misa, tukiwa tumekaa chini ya turubai, watoto wa Utoto Mtakatifu walijipanga mistari miwili wakatughania ngonjera. Ubeti wa kwanza ulimsifu Mungu, wa pili ukamsifu somo wa jumuiya. Beti zote zilizobaki zilikuwa zangu mimi paroko. Nilisifiwa kwa ujenzi, kwa mahubiri, hata kwa afya njema. Kisha msichana wa miaka kama kumi akasogea mbele, akaghani ubeti wa kunisifu kwa jinsi ninavyowatembelea wagonjwa. Akina mama wakapiga vigelegele. Nami nikatabasamu na kupiga makofi.

Wakati wa chakula mama mmoja alininong'oneza kwamba bibi yake mtoto yule yuko kitandani tangu Kwaresima, nyumba ya tatu kutoka pale tulipokaa, na hajaletewa Komunyo hata mara moja. Jina lake lilikuwa kwenye orodha niliyopewa na viongozi wa jumuiya. Orodha ilikuwa mezani kwangu, chini ya karatasi nyingine.

Mtoto hakuwa na nia ya kunisuta, kwani alighani alichofundishwa. Lakini ubeti ule ulinisuta kuliko lawama yoyote niliyowahi kupewa. Usiku ule nilimkumbuka mtu anayetajwa kuwa mwasisi wa ngonjera, na leo ningependa tumwangalie pamoja. Yoshua bin Sira, katika sura yake ya 44, anatualika kuwakumbuka kwa sifa watu mashuhuri waliotutangulia, na kati yao anawataja hata watunzi wa nyimbo na mashairi. Kwa hiyo hatuvunji desturi ya Maandiko.

Mtu huyo ni Mathias Mnyampala. Sisi tuliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1970 tulisimama juani mbele ya wageni tukighani ngonjera, bila kujua kwamba nyuma yake alikuwapo Mkatoliki kutoka Ugogo.

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, karibu na Dodoma. Ukipita barabara ya Morogoro kuingia Dodoma unaiona nchi hiyo: kame, ya mifugo na mtama, iliyozoea vipindi vya njaa. Lakini ni nchi ya waimbaji pia. Hakuzaliwa pwani, wala hakunyonya Kiswahili na maziwa ya mama, kwa kuwa lugha yake ya kwanza ilikuwa Kigogo. Alisoma katika shule ya misheni, akapokea imani Katoliki, akaingia katika kazi za serikali ya kikoloni kama karani. Baadaye alikuwa liwali, na mwisho hakimu.

Hebu fikiri kazi hizo zinamfundisha mtu nini. Karani anaandika maneno ya wengine. Hakimu anasikiliza pande mbili, na hawezi kutoa hukumu mpaka aliyeshtakiwa naye apewe nafasi ya kujibu. Siwezi kukuambia kwamba ngonjera ilizaliwa mahakamani, lakini huwa nalifikiria jambo hilo kila ninapokumbuka kazi ya mtu huyu.

Mwaka 1954 alichapisha kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Alikiandika kwa Kiswahili, ili watu wa makabila mengine nao wawajue watu wake. Mwaka 1963 ilitoka Diwani ya Mnyampala, mkusanyo wa mashairi yake. Wakati huo washairi wengi wenye jina walikuwa Waislamu, watu wa pwani au waliolelewa katika elimu ya pwani. Mnyampala aliingia katika baraza lao akiwa mtu wa bara na Mkristo, akajifunza sheria zao za vina na mizani, na hatimaye akawa kiongozi wa chama chao, UKUTA, yaani chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Sisi tunaopenda kuulizana dini kabla ya kuulizana hali tuna la kujifunza hapo.

Kwa sisi waamini, kazi yake iliyo kubwa kuliko zote ni mbili: aliitunga Injili kwa utenzi, kisha akazitunga Zaburi kwa utenzi. Utenzi, kama unavyojua, ni ubeti wa mistari minne mifupi, kila mstari mizani 8, na kina cha mwisho kinarudi kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Chombo hicho kilitengenezwa na Waislamu wa pwani. Moja ya hati zake kongwe tunazozijua, Utendi wa Tambuka uliotungwa Pate, ni ya mwaka 1728. Kwa desturi mtunzi huanza kwa kumsifu Mungu kabla hajagusa habari yenyewe. Mnyampala alikichukua chombo hicho kwa heshima, akatilia ndani yake Habari Njema na sala za mfalme Daudi.

Hapa niruhusu nikuvushe bahari kidogo, maana karne hiyohiyo ya Utendi wa Tambuka, kule Uingereza nako washairi walikuwa wakihangaika na suala la sifa. Mfalme alikuwa na mshairi wake rasmi, aliyelipwa mshahara. Kazi yake ilikuwa kutunga shairi la kumsifu mfalme kila Mwaka Mpya na kila siku ya kuzaliwa kwake, nalo likatiwa muziki na kuimbwa mbele yake. Mashairi hayo yalitungwa mwaka baada ya mwaka, na leo karibu hakuna anayeyasoma. Mwaka 1757 nafasi hiyo ilipobaki wazi, alipelekewa Thomas Gray, naye akaikataa. Gray alikuwa amekwisha kuchapisha, mwaka 1751, shairi la kuwakumbuka wakulima wasiojulikana waliozikwa katika uwanja wa kanisa la kijijini. Hilo linasomwa mpaka leo.

Alikuwapo na mwingine, Christopher Smart, aliyezaliwa mwaka 1722. Huyu alikuwa akipiga magoti kusali kwa sauti barabarani na kuwataka rafiki zake wasali pamoja naye. Alifungiwa miaka kadhaa katika nyumba za wagonjwa wa akili. Alipotoka, mwaka 1763, alitoa shairi refu la kumsifu mtu mmoja, na huyo hakuwa mfalme aliyekuwa akitawala London. Alikuwa Daudi. Mwaka 1765 akatoa Zaburi zote kwa mashairi ya Kiingereza. Alikufa mwaka 1771 akiwa kifungoni kwa sababu ya madeni. Karibu miaka 200 baadaye, hakimu wa Dodoma ambaye huenda hakuwahi kusikia jina lake alikaa mezani na Zaburi zilezile, akitafuta vina vya Kiswahili.

Kwa nini wote wawili wamfuate Daudi? Nadhani ni kwa sababu Daudi alijua kusifu, na alijua pia kujibu. Kumbuka sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Samweli. Nabii Nathani alimwendea mfalme akiwa na hadithi ya mwana-kondoo wa maskini. Mfalme aliposikia, akaghadhibika juu ya tajiri mwovu, na Nathani akamwonyesha kwamba tajiri huyo ni yeye mwenyewe. Daudi angeweza kumwua. Badala yake alikiri. Zaburi ya toba tunayoisali kila Ijumaa asubuhi katika Masifu imeunganishwa na saa hiyo.

Sasa turudi kwa Mnyampala. Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwaita washairi na kuwaomba wasaidie kulieneza kwa wananchi. Mnyampala alipeleka ngonjera. Katika ngonjera wanasimama watu wawili au makundi mawili. Mmoja hajui au anabisha, mwingine anamjibu. Wanapokezana, ubeti kwa ubeti, mpaka mwisho wanapatana. Mtoto wa shule asiyeelewa hotuba aliweza kuelewa ngonjera, kwa sababu swali lililokuwa kichwani mwake lilikuwa limeulizwa na mwenzake jukwaani. Shule za nchi nzima ziliipokea, nazo parokia zetu zikafuata.

Mnyampala alifariki dunia mwaka 1969, akiwa na miaka 51. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilichapishwa mwaka 1970, na cha pili mwaka 1971. Yeye mwenyewe hakuvishika mkononi.

Wapo wataalamu wa fasihi waliolaumu ngonjera za wakati ule kwamba ziligeuka tarishi wa chama tawala, zikisifu siasa kuliko kuipima. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, wala si heshima kwa marehemu kuificha. Yeyote anayetunga sifa kwa kuombwa na mwenye mamlaka amesimama mahali penye utelezi, awe mshairi wa mfalme London au wa chama Dar es Salaam. Hata mwalimu wa Utoto Mtakatifu hapa Soweto amesimama hapo. Zaburi ya 146 ilitutahadharisha zamani tusiwawekee wakuu matumaini yetu.

Hata hivyo, umbo lenyewe alilotuachia Mnyampala lina dawa ndani yake. Ngonjera inataka jibu. Tazama tulivyoifanya sisi: tumemwondoa yule anayebisha, na tumemwondoa anayejibu. Watoto wote sasa wanasema upande mmoja, na mgeni rasmi anakaa kwenye kiti cha mapambo akisubiri ubeti wa mwisho, ule wa kuomba kompyuta au mabati. Anatoa bahasha, anapigiwa makofi, anaondoka. Sifa imekuwa bidhaa, nasi tumewafundisha watoto bei yake.

Mpendwa msomaji, anayesifiwa ana deni. Ukiambiwa mbele ya watu kwamba wewe ni baba wa yatima, na yatima wa mtaa wako wanalala njaa, ubeti ule ni hati ya deni, na kuulipa ni kuwatafuta yatima wale. Bikira Maria aliposifiwa na Elizabeti alijibu palepale, na jibu lake lilimhusu Mungu aliyemtazama mnyonge, si yeye mwenyewe. Wimbo wake tunausali kila jioni. Ni jibu la mtu aliyesifiwa.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Ninyi mnaotunga ngonjera, makatekista, walimu na wazazi, mrudishieni Mnyampala kundi lake la pili. Mtoto mmoja asifu, mwingine aulize. Amsifu paroko kwa ukuta wa kanisa uliokamilika, na mwenzake aulize vijana wa parokia wako wapi. Fanyeni kwa adabu, kama watoto wanavyostahili kusema mbele ya wazee, lakini fanyeni. Nasi tunaosifiwa, mapadre, wenyeviti na waheshimiwa, tusisimame kushukuru tu. Tujibu. Tuseme hapa mmenisifu kwa haki, na hapa bado nadaiwa.

Mimi nililipa sehemu ya deni langu. Jumatatu asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika mlima, nilikwenda nyumba ile ya tatu nikiwa na Komunyo Takatifu na Mafuta ya Wagonjwa. Njiani nilikuwa nimeandaa maneno ya kujitetea. Bibi alipoona nimeingia aliniomba radhi kwa kuwa hawezi kusimama kunipokea. Maneno yangu yote yakaniishia. Mjukuu wake alikuwa ameshakwenda shule, na juu ya meza kulikuwa na karatasi aliyoandikiwa ubeti wake ili aukariri. Nimewaomba waniachie karatasi hiyo. Nimeiweka mezani kwangu, juu ya orodha ya wagonjwa.

Juma hili, kila utakaposalimiwa Tumsifu Yesu Kristo, usiitikie kwa haraka. Jiulize umemsifu kwa nini tangu asubuhi, na kwa nani. Tumwombee pia marehemu Mathias, na washairi wote waliotufundisha kusali kwa lugha yetu. Raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie.

Nawatakia Dominika njema.