Archimedes na Taji la Mfalme

Kilo moja ya pamba na kilo moja ya chuma, ipi ni nzito zaidi? Zote ni sawa, kwa maana kila moja ni kilo moja. Lakini pamba itajaza kikapu kikubwa, na chuma kitaenea kiganjani mwako. Tofauti hiyo ndiyo iliyomfichua mwizi mmoja zamani sana. Aliyeigundua njia ya kumfichua aliitwa Archimedes.

Archimedes alizaliwa yapata mwaka 287 kabla ya Kristo, katika mji wa Syracuse. Mji huo upo mpaka leo, kando ya bahari, katika kisiwa cha Sisilia nchini Italia. Wakati ule wenyeji wake walikuwa Wagiriki. Baba yake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa nyota. Archimedes mwenyewe akawa bingwa wa hesabu.

Shauri la taji

Mfalme wa Syracuse aliitwa Hiero. Habari za taji lake ziliandikwa na Mrumi mmoja, Vitruvius, yapata miaka 200 baadaye. Alieleza kuwa mfalme alimpa sonara dhahabu iliyopimwa kwa mizani, ili amtengenezee taji. Sonara alilileta taji zuri. Lilipopimwa, uzito wake ulikuwa ule ule wa dhahabu aliyopewa.

Baadaye ulizuka uvumi kuwa sonara ameiba dhahabu na kuchanganya fedha. Mfalme alikasirika, lakini hakuwa na ushahidi. Kuliyeyusha taji kungeliharibu. Kumwadhibu mtu kwa uvumi si haki. Basi alimwomba Archimedes atafute njia.

Siku moja Archimedes alikwenda kuoga. Alipoingia katika birika la kuogea, maji yalimwagika. Kadiri alivyozama, ndivyo maji yalivyozidi kumwagika. Papo hapo akalipata jibu. Kwa furaha alitoka mbio kuelekea nyumbani bila nguo, akipiga kelele kwamba amegundua!

Aligundua nini? Kitu kikizama chote, husukuma maji yenye ukubwa sawa na ukubwa wake. Sasa fikiri wewe. Chombo cha lita moja kikijazwa maji, maji hayo ni kilo 1. Kikijazwa fedha, ni kilo 10.5. Kikijazwa dhahabu, ni kilo 19.3. Kwa hiyo kilo moja ya fedha huchukua nafasi karibu mara mbili ya kilo moja ya dhahabu.

Archimedes alichukua bonge la dhahabu na bonge la fedha, kila moja lenye uzito sawa na taji. Alijaza chombo maji mpaka ukingoni. Fedha ilimwaga maji mengi, dhahabu ilimwaga machache. Kisha akalizamisha taji. Likamwaga maji mengi kuliko dhahabu tupu. Wizi ukajulikana, na taji halikupata hata mkwaruzo.

Uzito wa kitu ukilinganishwa na nafasi kinayochukua huitwa densiti.

Jaribuni darasani

Tafuteni yai bichi lililotagwa karibuni, chombo cha maji na chumvi. Tieni yai majini. Litazama. Litoeni, tieni chumvi kijiko kimoja, korogeni mpaka iyeyuke, kisha lirudisheni. Endeleeni hivyo hivyo. Mwishowe yai litaelea. Yai halikubadilika. Maji ndiyo yaliyobadilika: chumvi imeongeza densiti yake, yakalishinda yai.

Maji hayo msiyamwage. Wakulima wa mpunga huyatumia kuchagua mbegu. Ukitia mbegu humo, pepe huelea na mbegu nzito huzama. Ondoa pepe. Zioshe zilizozama kwa maji safi ili kuondoa chumvi, ndipo uzipande.

Archimedes aliandika pia kitabu juu ya vitu vinavyoelea. Alieleza kuwa maji hukisukuma juu kila kitu kilichomo ndani yake. Wewe unalijua jambo hili. Unapoteka maji kisimani, ndoo iliyojaa huwa nyepesi ikiwa bado imo majini. Ikitoka tu, mkono unauona uzito wake.

Mwisho wake

Mwaka 213 kabla ya Kristo Warumi waliuzingira mji wa Syracuse. Archimedes alikuwa mzee, lakini aliunda mitambo ya kurusha mawe mazito, na adui wakazuiwa kwa muda mrefu. Mwaka 212 mji ulitekwa. Marcellus, jemadari wa Warumi, alikuwa ameagiza mzee huyo asiguswe. Hata hivyo askari mmoja alimwua.

Askari alimaliza maisha ya mtu, lakini elimu yake haikufa. Leo wanunuzi wa maziwa hutumbukiza kipimo kinachoelea, nacho huonyesha kama yameongezwa maji. Kazi hiyo ni ile ile ya taji la Hiero. Ukimshuku mwenzako, usimhukumu kwa maneno ya watu. Pima kwanza.

Maswali

1. Kwa nini mizani peke yake haikuweza kumfichua sonara?
2. Kwa nini yai lilielea katika maji ya chumvi?
3. Tieni mafuta ya kula katika maji. Yatakaa wapi? Elezeni sababu.