Kabla hujaifungua turbo ya mtumba, mjue Alfred Büchi

Wacha nikisie. Turbo ya pickup ya mjomba imekufa, bei ya mpya haishikiki, kwa hivyo ukapita Kirinyaga Road ukatoka na ya mtumba. Sasa iko kwa meza juu ya gazeti kuukuu, na wewe uko na spana mkononi. Poa. Lakini nipe dakika tano kabla hujalegeza nati ya kwanza.

Kuna mzee mmoja wa Uswisi aliyehangaika na kifaa kama hicho miaka 20 kabla kikubali kufanya kazi inavyofaa. Vitu vilivyomsumbua ndivyo utakavyokagua leo. Ukijua maisha yake, utajua pia ni nini cha kuogopa kwa hiyo turbo yako.

Anaitwa Alfred Büchi. Alizaliwa Julai 11, 1879, Winterthur, mji wa viwanda kaskazini mwa Uswisi. Baba yake alikuwa mmoja wa wakubwa katika Sulzer, kampuni ya mitambo, kwa hivyo stori za injini hazikuwa ngeni kwao. Alfred akasomea uhandisi wa mitambo pale Zurich, akamaliza 1903, kisha akaenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza.

Huko ndiko alikoshikwa na swali moja: moshi. Injini ikichoma mafuta, sehemu kubwa ya joto haizungushi chochote. Inatokea kwa bomba la moshi na kupotea hewani. Wengi waliona moshi tu. Büchi aliona nguvu ambayo mwenye injini ameshailipia na sasa anaitupa.

Novemba 1905, akiwa na miaka 26, akapeleka wazo lake lisajiliwe Ujerumani ili lilindwe kisheria. Wazo lenyewe ni hili: moshi unaotoka kwa injini upige feni moja. Feni hiyo iwe kwa shafti moja na feni nyingine inayoshindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi, na injini ile ile itoe nguvu zaidi.

Sasa angalia hiyo yako. Upande mmoja ni chuma kizito chenye rangi ya kutu, huko ndiko moshi hupita. Upande wa pili ni aluminiamu, huko ndiko hewa safi huingia. Katikati kuna shafti nyembamba kama kidole. Hilo ni wazo la 1905 limelala mezani kwako.

Karatasi ilikubali, chuma kikakataa

Kuchora ni rahisi. Büchi alirudi Uswisi, akaingia Sulzer na kuanza kujaribu. Mwaka 1915 kukawa na injini ya majaribio yenye turbo. Lengo lilikuwa ndege, kwa sababu juu angani hewa ni nyepesi na injini hukosa pumzi. Haikuaminika. Haikutengenezwa kwa wingi. Miaka 10 ilikuwa imepita tangu asajili wazo lake, na hakuwa na kitu cha kuuza.

Tatizo si wazo. Feni ya upande wa moshi hukaa kwenye joto ambalo kwa magari ya leo laweza kupita nyuzi 800. Shafti ya turbo ndogo ya sasa huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Vyuma na beringi za enzi zake hazikuwa tayari kwa maisha ya aina hiyo.

Na hapo ndipo ukaguzi wako unaanzia: joto, kasi na beringi.

Shika ncha ya shafti, itikise kando kwa kando. Kulegea kidogo ni kawaida, kwa sababu kwa turbo nyingi beringi huelea juu ya oili, na hapo mezani oili hakuna. Halafu ivute na kuisukuma mbele na nyuma. Hapa hutaki kuhisi mchezo wowote wa maana. Ukisikia inagonga, beringi ya kuzuia msukumo imekwisha.

Sasa isukume upande mmoja huku ukiizungusha polepole. Mapanga ya feni yasiguse kasha hata kidogo. Kama yanagusa, au kuna mikwaruzo ndani ya kasha, hiyo turbo ilishaanza kujila. Chukua tochi uangalie kila panga. Ncha zilizochongeka upande wa hewa humaanisha ilimeza mchanga au nati. Ukiona ufa, hasa upande wa moshi, biashara imeisha. Feni yenye ufa haichomelewi.

Wengine wakampita

Büchi akiendelea kuhangaika, wengine hawakumngoja. Ufaransa, Auguste Rateau alikuwa akifunga turbo kwa injini za ndege. Mwaka 1918, Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, kama mita 4,300 juu ya bahari, akaonyesha kwamba turbo inairudishia nguvu inayopotea huko juu. Wewe unayeishi Nairobi, karibu mita 1,700, unaelewa hiyo stori bila kufafanuliwa.

Jibu la Büchi lilikuja 1925. Aligundua kwamba silinda zinasumbuana. Moja ikitoa moshi kwa bomba la pamoja, inaizuia nyingine kupumua. Akayatenganisha mabomba, ili kila kundi la silinda lipige feni kwa zamu yake, kama mapigo ya moyo. Kama turbo yako ina midomo miwili upande wa moshi, ujue hilo ni wazo la huyu mzee.

Wakati huo huo, injini ya dizeli ya silinda 10 ilipanda kutoka kilowati 1,300 hadi 1,860 kwa msaada wa turbo yake. Ikafungwa kwa meli mbili kubwa za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig. Büchi alikuwa na miaka 46. Miaka 20 kamili tangu ile karatasi.

Sasa fungua, lakini polepole

Kama turbo yako imepita ukaguzi, endelea. Weka alama kwa kila kasha kabla ya kulitenganisha, la sivyo mabomba hayatarudi mahali pake. Weka alama nyingine kwa nati, feni ya hewa na shafti, ili zirudi zikiangaliana vile vile. Nati hiyo kwa turbo nyingi hufungukia upande usiouzoea, kwa hivyo angalia nyuzi zake kabla ya kulazimisha. Ukiipinda shafti hata kidogo, umeiua.

Safisha kasha la katikati mpaka ile oili iliyoungua ikaganda nyeusi itoke yote, hasa kwa vitundu vya oili. Pitisha kucha juu ya shafti pale beringi zinapokaa. Ikikwama kwa mkwaruzo, beringi mpya hazitakusaidia. Badilisha beringi zote, pete za kuzuia oili na klipu, na upake oili safi unapozirudisha.

Kisha ipeleke ikasawazishwe kwa mashine. Hii haifanyiki kwa meza ya nyumbani, hata uwe mjanja aje. Kwa kasi ile, uzito mdogo uliokaa vibaya unatosha kuchakaza beringi mpya ndani ya muda mfupi.

Nikukiri kitu. Mimi niliwahi kufunga turbo safi kabisa nikaacha bomba la zamani la kuleta oili, limeziba ndani. Ilidumu siku tatu. Turbo mara nyingi haijiui yenyewe, inauawa na oili chafu au oili isiyofika. Badilisha bomba hilo, oili na filta, na uijaze turbo oili kabla ya kuwasha injini. Na usidharau pete za kuzuia oili: kwa injini ya dizeli, oili ikivuja kwa wingi upande wa hewa, injini inaweza kuanza kujichomea oili yake na ikatae kuzima hata ukitoa ufunguo. Hapo si hasara ya turbo tu, ni pickup nzima ya mjomba, na labda mkono wa mtu.

Büchi alifariki Oktoba 1959, Winterthur, mji ule ule alikozaliwa, akiwa na miaka 80. Aliona turbo ikisukuma meli na malori. Magari ya kwanza ya kawaida yenye turbo yaliingia sokoni Marekani 1962, miaka mitatu baada ya yeye kuzikwa. Gari dogo lenye turbo kama haya yanayotupita Thika Road usiku hakuliona.

Kwa hivyo ukipata mkwaruzo kwa shafti au ufa kwa panga, ifunge tena kwa gazeti uanze kutafuta nyingine. Usione haya. Mwenye wazo lenyewe aliweka kando ile ya 1915, akarudi mezani kwa miaka mingine 10.