Levon V, mfalme aliyepoteza kiti akatafuta amani

Mji wa Tarso katika Kilikia tunaujua kwa ajili ya Mtume Paulo. Katika nchi hiyo, Waarmenia waliokimbia vita vya kwao walijenga ufalme mdogo wa Kikristo, uliodumu hata mwaka 1375. Leo tumkumbuke mfalme wake wa mwisho, Levon V.

Alikulia kisiwani Kipro. Alipotawazwa mjini Sis mwaka 1374, Wamamluki wa Misri walikuwa wamekwisha kuteka sehemu kubwa ya nchi. Nao Waarmenia wenyewe walikuwa wamegawanyika: wengine walitaka kuungana na Kanisa la Roma, wengine walikataa kabisa. Mwaka uliofuata, mwezi wa 4, ngome ya Sis ikaanguka. Levon akapelekwa Kairo pamoja na jamaa yake.

Alikaa kifungoni miaka 7, na mke wake Marguerite akafia huko. Lakini Mungu hakumwacha bila rafiki. Mwaka 1377 alipita mtawa Mfransisko, Jean Dardel, akawa muungamishi wake. Huyo alikwenda Ulaya kumwombea msaada kwa wafalme. Juan I wa Castile akatuma zawadi Misri, na mwaka 1382 Levon akafunguliwa. Mwaka 1383 Juan akampa hata mji wa Madrid autawale.

Hapo angaliweza kula na kupumzika. Hakutulia. Aliona kwamba Ufaransa na Uingereza, zilizopigana tangu 1337, haziwezi kusaidia nchi yake zikiendelea kuuana. Basi akavuka bahari, na mwanzoni mwa 1386 alikuwa Uingereza mbele ya mfalme Richard II, akimsihi apatane na Ufaransa. Hakufaulu.

Alifariki Paris tarehe 29 Novemba 1393. Alizikwa kwa mavazi meupe, kwa desturi ya Waarmenia, na watu wake wakamsindikiza wamevaa meupe. Sanamu yake ya kaburi iko hata leo katika kanisa la Saint-Denis. Nchi yake hakuiona tena.

Wapendwa, Levon alijua kwa uchungu matunda ya ndugu kugawanyika. Uhuru aliopewa aliutumia kupatanisha wengine, akiwa mgeni asiye na jeshi wala kiti. Nasi tusingoje kupoteza nyumba ndipo tukumbuke kupatana.