Padre Thomas Gallaudet, Rafiki wa Wazee Viziwi

Katika mwaka wa jubilii ni desturi njema kuwakumbuka waliotutangulia katika kazi ya Bwana, si wa dayosisi yetu tu, bali hata wa nchi za mbali. Mmoja wao ni Padre Thomas Gallaudet wa New York, ambaye Kanisa la Kiaskofu la Marekani humkumbuka tarehe 27 Agosti. Yeye mwenyewe alisikia vema, lakini tangu utoto hata uzee alikaa katikati ya viziwi, na katika miaka yake ya mwisho aliwapatia wazee wao makao.

Alizaliwa tarehe 3 Juni 1822 katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Katika mji huo, mwaka 1817, baba yake, Thomas Hopkins Gallaudet, pamoja na Laurent Clerc, mwalimu kiziwi kutoka Ufaransa, walikuwa wamefungua shule ya viziwi ambayo ingali ipo hata leo. Mama yake, Sophia Fowler, alizaliwa kiziwi, naye alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa shule ile. Basi mtoto huyu alijifunza kusema kwa mikono kama alivyojifunza kusema kwa kinywa, na ishara zilikuwa kwake lugha ya mama kweli kweli.

Alipomaliza masomo ya chuo mwaka 1842, haukupita muda mrefu akawa mwalimu katika shule ya viziwi ya New York. Huko, mwaka 1845, alimwoa Elizabeth Budd, naye kiziwi. Alifundisha miaka mingi, na kwa kufundisha akaona jambo ambalo kila mwalimu hana budi kulifikiri. Shule humlea mtoto kiziwi, humpa kusoma na kuandika na kazi ya mikono. Lakini siku ile anapotoka mlangoni, nani atasema naye tena? Katika mji mkubwa wenye makanisa mengi, kiziwi aliingia ibadani akaona midomo ikitikisika, kisha akatoka kama alivyoingia.

Gallaudet alipewa daraja la ushemasi mwaka 1850, na la ukasisi mwaka 1851. Katika siku hizo alikuwa akimtazama binti mmoja kiziwi aliyekuwa mgonjwa wa kifua, hata akafa. Kando ya kitanda kile alitambua ya kuwa viziwi wengi hufa bila kasisi anayejua usemi wao. Basi mwezi Oktoba 1852 alianzisha Kanisa la Mtakatifu Ana. Mwanzoni halikuwa na jengo, wakakusanyika katika chumba cha chuo kikuu; mwaka 1859 wakanunua kanisa lao wenyewe. Humo ibada nyingine zilifanywa kwa sauti, na nyingine kwa ishara, wenye kusikia na viziwi wakiwa washarika wa kanisa moja.

Miaka ikapita, na wale vijana wake wakaanza kuzeeka. Viziwi wengi wa zamani zile walikuwa wapiga chapa, mafundi viatu na washonaji, watu wa kujitegemea kabisa. Lakini kazi hizo zataka macho makali na mikono imara. Macho yakiingia ukungu na mikono ikitetemeka, kiziwi hupata hasara mara mbili, kwa kuwa macho ndiyo masikio yake, na mikono ndiyo kinywa chake. Mwenziwe akifa, na watoto wakiwa hawapo, mzee aliweza kupelekwa katika nyumba ya maskini ya serikali. Mkate ulikuwapo, kitanda kilikuwapo. Bali mtu wa kusema naye hakuwapo. Toka asubuhi hata jioni alikaa katikati ya watu kama aliyefungwa peke yake, na wasiomjua walimdhania kuwa mpumbavu.

Padre Gallaudet aliujua uzee mwingine, maana aliuona kwa mama yake. Mwaka 1857, ndugu yake mdogo, Edward Miner Gallaudet, alipopewa shule mpya ya viziwi katika mji wa Washington, mama yao alikwenda pamoja naye kuwa mlezi wa wanafunzi. Alikuwa mjane karibu wa miaka sitini, naye akaifanya kazi hiyo kwa heshima miaka kadha wa kadha. Aliendelea kuwa na watu wa kuzungumza nao, na watu waliomhitaji, mpaka alipofariki mwaka 1877. Mama huyu na yule mzee wa nyumba ya maskini walikuwa na uziwi ule ule. Tofauti ilikuwa katika jamaa waliowazunguka.

Mwaka 1872 Padre alianzisha chama cha kanisa kwa ajili ya viziwi, akawa msimamizi wake. Mwaka 1880 alihudhuria mkutano wa walimu wa viziwi katika mji wa Milan, nchi ya Italia, ambako wengi walikata shauri kwamba viziwi wafundishwe kwa kinywa, na ishara ziachwe. Wajumbe wa Marekani hawakukubali, lakini walikuwa wachache, nao wakashindwa. Shule nyingi zikawakataza watoto ishara kwa muda wa miaka mingi, na madhara yake yalikuwa makubwa. Mwaka 2010 tu, katika mji wa Vancouver, mkutano wa namna ile ile ulitamka majuto yake.

Padre Gallaudet hakuyaacha aliyoyajua. Mwaka 1885 aliweka msingi wa Nyumba ya Gallaudet kwa ajili ya viziwi, hasa wazee, huko Wappingers Falls, karibu na mji wa Poughkeepsie, katika jimbo la New York. Mtu aweza kuuliza, ya nini gharama hiyo yote kwa watu waliobakiwa na miaka michache? Lakini katika nyumba ya namna hiyo mzee hulala palipo salama, na zaidi ya hayo huamka akaamkiwa. Husimulia habari za ujana wake, hubishana, hucheka, husali pamoja na wenziwe. Na saa yake ikifika, yupo mtu wa kuusoma mkono wake.

Tena hakutaka viziwi wawe watu wa kuhudumiwa tu. Alimtia moyo Henry Winter Syle, kiziwi, autafute ukasisi, ingawa wako waliosema kwamba asiyesikia hawezi kuwa kasisi. Syle akapewa ushemasi mwaka 1876 na ukasisi mwaka 1883, wa kwanza miongoni mwa viziwi katika kanisa lile. Padre Gallaudet mwenyewe alilala katika Bwana tarehe 27 Agosti 1902, mwenye umri wa miaka themanini.

Wasomaji wapendwa, nyumba kubwa kama ile si kila mtaa uwezao kuijenga. Lakini katika mitaa yetu wako wazee wakaao nyuma kanisani, ambao twawapa mkono mlangoni kisha twawapita, kwa kuwa tumezoea kudhani hawana neno la kusema. Mwalimu aweza kujifunza ishara chache, akawafundisha watoto. Mzee wa kanisa aweza kuwakalisha mbele, penye mwanga, pa kuonea uso na mikono. Jirani aweza kuwakutanisha wazee wawili viziwi wasiojuana, wakakaa kitako wakazungumza. Padre Gallaudet naye alianza na mgonjwa mmoja, kando ya kitanda kimoja.