Sewa Haji: Mali imekwisha, jina limebaki wodini

Kwa miaka mingi anayekwenda Muhimbili kumtazama mgonjwa huelekezwa Mwaisela, Kibasila au Sewahaji. Wengi wetu hudhani Sewahaji ni jina la wodi tu. La, ni jina la mtu, tena Muislamu.

Sewa Haji Paroo alizaliwa Zanzibar mwaka 1851 katika familia ya Khoja Ismailia yenye asili ya Kutch, India. Haji lilikuwa jina la baba yake, Haji Kanji, mfanyabiashara. Kijana ndiye aliyeikuza biashara ile pale Bagamoyo. Misafara ya bara ilipata kwake vitambaa, shanga na wapagazi, na pembe za ndovu ziliporudi pwani alikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Mwaka 1871 Stanley, akijiandaa kumtafuta Livingstone, alipata wapagazi kupitia kwake, kisha akamlalamikia kitabuni kuwa ni mpunjaji.

Tuseme kweli, ndugu msomaji: utajiri ule ulibebwa mabegani mwa wapagazi, na wapo waliofia njiani. Hatuna haja ya kumfanya walii. Tutazame alivyoitumia mali yake.

Mwaka 1896 aliwakabidhi Wajerumani jengo la shule Bagamoyo, kwa sharti kuwa wasome watoto wa rangi zote. Sharti hilo lilikuwa zito mbele ya mkoloni. Akatoa pia fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam. Alifariki Februari 1897, na mwaka huo huo hospitali ikaanza kazi kwa jina lake. Humo walitibiwa Waafrika na Wahindi, wakati Wazungu walikuwa na ya kwao Ocean Road.

Mwaka 1956 Waingereza walifungua hospitali mpya pale Muhimbili, wakaipa jina la binti mfalme wao, Margaret. Jina la Sewa Haji likashushwa hadi kwenye jengo moja. Baada ya uhuru jina la Margaret likafutwa, la Sewahaji likabaki.

Leo tunao matajiri Waislamu. Wangapi wameweka wakfu hata chumba kimoja cha wagonjwa? Mara nyingi maiti haijakauka kaburini, warithi wako mahakamani wakigombea nyumba. Mwenye nacho aandike wakfu wake sasa, angali hai.