Masinde: Nabii aliyefungiwa Mathari

WAKAZI wa mtaa wa Mathare, Eastlands jijini Nairobi, hupita kila siku karibu na hospitali ambamo Elijah Masinde aliwahi kufungiwa kama mwendawazimu.

Mzaliwa huyo wa Kimilili, Bungoma, alisifika kwanza kama mwanasoka hodari. Baadaye aliongoza Dini ya Msambwa, iliyowahimiza watu kurejelea mila za mababu na kumkataa mkoloni. Alikabiliana na maafisa wa utawala, akafungwa jela, na mwaka wa 1945 akapelekwa Mathari. Alikaa huko hadi 1947.

Msimamizi wa hospitali wakati huo alikuwa Dkt J.C. Carothers. Katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka wa 1953, daktari huyo alifananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa ubongo. Kwa mizani ya aina hiyo, ilikuwa vigumu kutenga ugonjwa na imani, au imani na uasi.

Mnamo Februari 1948, polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa Msambwa huko Malakisi na kuua watu 11. Masinde alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Sasa hakuhesabiwa mgonjwa tena, bali adui wa dola.

Hata serikali huru ilimtia korokoroni. Alifariki 1987. Nabii, mwendawazimu, mpigania uhuru: kila jina lilikuwa na waliomwita hivyo, na hakuna hata moja lililomtosha.