Von der Decken: Baroni aliyeupima Kilimanjaro kwa hesabu

Wanapotajwa wageni wa mwanzo wa Mlima Kilimanjaro, wengi humkumbuka Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni Oktoba 6, 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Ni wachache wanaomkumbuka Baroni Karl Klaus von der Decken, aliyetangulia kwenye miteremko hiyo kwa miaka 28 na kuutafutia mlima kimo chake bila kukanyaga kilele.

Von der Decken alizaliwa mwaka 1833 huko Kotzen, Brandenburg. Alilitumikia jeshi la Hanover hadi mwaka 1860, kisha akaja Zanzibar. Safari yake ya kwanza bara, kupitia Kilwa kuelekea Ziwa Nyasa, haikufanikiwa.

Wakati huo Ulaya ilikuwa katika mabishano makali. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huo mwaka 1848 na kuarifu kuwa una theluji. William Desborough Cooley, mwanajiografia wa Uingereza ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, alikataa katakata kuwa theluji inaweza kudumu karibu na Ikweta. Heshima ya Rebmann ikawa mashakani.

Mwaka 1861 Von der Decken alifika Uchagani na Richard Thornton, mtaalamu wa miamba kutoka Uingereza, wakapanda hadi mita 2,500 hivi. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten, wakafika takriban mita 4,280, na safari hiyo theluji iliwaangukia.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa ya vipimo. Mpimaji husimama sehemu mbili zenye umbali unaojulikana, akapima pembe hadi kileleni, kisha akakokotoa kimo.

Hata hivyo, kwa kuwa dunia ni mviringo, hesabu hiyo hudai marekebisho yanayofuata mraba wa umbali. Kwa kilomita 50, mkunjo wa dunia huficha karibu mita 200. Kwa kilomita 100, yaani umbali ukiwa maradufu, huficha karibu mita 800, ambazo ni mara nne. Kupinda kwa mwanga hewani hupunguza sehemu ya tofauti hiyo.

Kanuni ya jiwe linaloanguka ni ya ukoo huohuo: kwa sekunde moja hushuka karibu mita tano, na kwa sekunde mbili karibu mita 20. Ndiyo milinganyo ya kipeo cha pili ambayo wanafunzi wa sekondari hukutana nayo darasani.

Vipimo hivyo vilionyesha kuwa mlima una kimo cha kutosha kuhifadhi theluji daima, na Rebmann akawa amethibitika. Mwaka 1864 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimtunuku Von der Decken nishani ya dhahabu.

Hakuifaidi kwa muda mrefu. Mwaka 1865 aliingia Mto Juba, Somalia, kwa meli yake Welf, ikakwama juu ya mji wa Bardera. Aliuawa huko akiwa na umri wa miaka 32.

Kimo cha Kilimanjaro kinachotumika sana leo ni mita 5,895. Jina la baroni huyo limebaki katika elimu ya viumbe: hondohondo mmoja wa Afrika Mashariki na lobelia kubwa inayoota kwenye miteremko ya mlima alioupima vyote vinaitwa kwa jina lake.